Picha moja ya kifua, ripoti mbili. Nimwamini nani?

#1 Kijana_Donholm, Jumanne saa 3:14 usiku
Wadau hamjambo. Nijibuni kwa upole maana sijalala vizuri tangu Alhamisi.

Mzee wangu ana miaka 67. Alianza kukohoa mwezi uliopita, daktari wa mtaani akamwandikia picha ya kifua. Tukaenda hospitali moja kubwa ya kufundishia hapa Nairobi, sitaitaja. Alhamisi jioni tukapewa ripoti ya muda: kuna kidoa cha milimita 9 chini ya pafu la kulia, afanyiwe CT, ile picha ya kifua ya vipande vipande, haraka. Hilo "haraka" lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu. Jana Jumatatu tumerudi kuulizia bei ya CT, tukapewa ripoti nyingine yenye sahihi ya daktari mwingine: mapafu ni safi, kidoa "pengine ni kivuli cha chuchu", arudie picha akiwa amewekewa alama.

Picha ni ile ile, namba ni ile ile. Mmoja kaona ugonjwa, mwingine kaona chuchu. Na yule jamaa aliyempiga picha nilimuuliza siku ile ile kama kuna kitu, akanitazama, akasema, "Ngojeni ripoti." Alikuwa ameona ama hakuona?

#2 Mkongwe_Eastlands, saa 3:20 usiku
Chuchu? Mzee wa miaka 67? Pole ndugu yangu, nacheka huku nakuonea huruma.

#3 Ruaka_Mjanja, saa 3:31 usiku
Hii ni biashara tu. Picha ya kifua ni pesa kidogo, CT ni pesa nyingi. Wanakutia hofu Alhamisi ili ifikapo Jumatatu uwe umeshauza mbuzi. Nimemaliza.

#4 Fundi_Vivuli, saa 3:58 usiku
Mimi ndiye "yule jamaa aliyempiga picha", si wa huyo mzee, ila ndiyo kazi yangu mwaka wa 14 sasa. Nilisomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba.

Ruaka_Mjanja, kama ni biashara, mbona ripoti ya pili imefuta CT? Mfanyabiashara gani hurudisha pesa kabla hujampa?

Kijana, kivuli cha chuchu si mzaha na si cha wanawake peke yao. Mgonjwa husimama, kifua kikabanwa kwenye ubao, mabega yakasukumwa mbele, tukamwambia "vuta pumzi, shikilia, usipumue". Chuchu ni nyama kama nyama nyingine, hivyo nayo hutupa kivuli. Huangukia sehemu ya chini ya pafu, karibu na mbavu ya tano au ya sita upande wa mbele, mviringo mdogo, ukingo mmoja wazi na mwingine unafifia. Kwa kawaida huwa viwili, kulia na kushoto. Lakini mzee akisimama kiwiliwili kimejipinda kidogo, na wazee wengi husimama hivyo kwa sababu ya mgongo, kinaonekana kimoja tu. Hapo ndipo watu hukosa usingizi Donholm.

Dawa yake ni rahisi: tunabandika kipete kidogo cha chuma kwa plasta juu ya kila chuchu, tunapiga tena. Kidoa kikiangukia ndani ya pete, ni chuchu. Kikikaa pembeni, kuna maneno mengine.

Na kuhusu "ngojeni ripoti": niliona ama sikuona, jibu langu ni hilo hilo. Kazi yangu ni picha iwe nzuri, mionzi iwe kidogo. Kusoma kuna wenyewe. Nikikuambia "mzee yuko sawa" halafu ripoti iseme vingine, utanitafuta mimi.

#5 Kijana_Donholm, saa 4:06 usiku
Asante Fundi. Kwa hiyo huwa mnaona.

#6 Fundi_Vivuli, saa 4:09 usiku
Ngojeni ripoti.

#7 Mwalimu_Fizikia, saa 4:40 usiku
Tusisahau eksirei yenyewe ni kivuli. Röntgen alipoigundua 1901 kitu cha kwanza kutisha watu kilikuwa mifupa ya mkono wa mke wake, na pete ya ndoa ikielea kidoleni. Kivuli hakisemi kilitoka mbele au nyuma. Kidoa kwenye picha kinaweza kuwa ndani ya pafu, juu ya ngozi, au kwenye vesti. Vyote vimelazwa kwenye karatasi moja.

#8 Nesi_Mstaafu, Jumatano saa 12:15 asubuhi
Mwalimu, sahihisha hapo. Aligundua tarehe 8 Novemba 1895. 1901 ndipo alipopewa Nobel ya fizikia, ile ya kwanza kabisa. Naukumbuka mwaka huo kwa sababu ndio ilipoanza hospitali ya Kenyatta, wakati huo ikiitwa Native Civil Hospital, vitanda 40.

#9 Mwalimu_Fizikia, saa 12:22 asubuhi
Nimekubali, vidole viliteleza. Lakini Kenyatta si ya 1952?

#10 Nesi_Mstaafu, saa 12:41 asubuhi
1952 ni jina la King George VI. La Kenyatta likaja baada ya uhuru. Niliingia pale kama mwanafunzi nikiwa na kiuno, nikastaafu sina.

Idara ya picha ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko pale pale ndani ya Kenyatta, kwa hiyo madaktari wanaosomea picha tumewaona wakipevuka mbele yetu. Zamani filamu ilioshwa kwenye chumba cha giza, inatoka ikichuruzika maji, inanuka kama siki. Konsaltanti, yaani daktari bingwa mkuu, anaiinua kwenye taa hata haijakauka, wanafunzi nyuma yake kama vifaranga. Haongei. Anauliza tu, "Unaona nini?" Mwanafunzi wa kwanza anasema moyo mkubwa, wa pili anasema maji kwenye pafu, wa tatu anasema sawa na wa pili. Mzee anasema, "Mmeangalia jina la mgonjwa?" Picha ni ya mtu mwingine! Tangu siku hiyo hata picha za harusi huanza kwa kusoma jina.

Kijana, ripoti ya kwanza iliandikwa na nani? Angalia chini, kuna neno "ya muda"?

#11 Kijana_Donholm, saa 1:10 asubuhi
Ndiyo Mama, nimesema hapo #1, "ripoti ya muda". Sahihi moja tu. Ya pili ina sahihi mbili.

#12 Rejista_wa_Usiku, saa 1:55 asubuhi
Natoka zamu, nitaandika nikiwa kwenye matatu.

Sahihi moja ni mimi. Si mimi mwenyewe, ni mwenzangu. Rejista ni daktari kamili, amemaliza miaka 6 ya udaktari, akafanya internship mwaka mmoja, wengi wamefanya kazi kaunti kisha wakarudi kusomea uzamili wa picha. Jioni na usiku rejista ndiye husoma kwanza, maana mgonjwa wa ajali hawezi kumngoja konsaltanti hadi asubuhi. Konsaltanti huja baadaye, anasoma upya, anakubali au anarekebisha. Sahihi ya pili ndiyo hiyo. Mfumo ulifanya kazi yake, ila ulifanya mbele ya macho yako, na hilo huuma.

Ila nikubali kitu. Rejista huogopa kukosa saratani kuliko anavyoogopa kukutisha. Akiandika "kidoa, fanya CT" na ikawa si kitu, atachekwa darasani. Akiandika "safi" na baadaye iwe kitu, hatalala. Konsaltanti ameona chuchu elfu nyingi. Sisi tunahesabu bado.

#13 Ruaka_Mjanja, saa 2:03 asubuhi
Kwa hiyo mzee wa watu ni kitabu cha mazoezi. Asante kwa kukiri.

#14 Rejista_wa_Usiku, saa 2:11 asubuhi
Daktari wako wa meno naye alianzia kinywa cha mtu.

#15 Ruaka_Mjanja, saa 2:12 asubuhi
Ndiyo maana nina mapengo.

#16 Mama_Syokimau, saa 3:30 asubuhi
Hadithi yangu. Mwaka juzi nilikuwa naanza kazi mpya, wakataka picha ya kifua. Ripoti ikarudi: madoa juu ya pafu la kushoto, chunguza TB. Nikalia kwenye ngazi za jengo. Nikatoa makohozi, nikangoja, hakuna TB. Nikapelekwa kurudia picha kwingine. Yule dada wa pale aliniangalia tu mlangoni akasema, "Mama, funga nywele juu." Nilikuwa nimesuka rasta nene hadi kiunoni, zimeangukia bega la kushoto! Akazikusanya utosini kama kikapu, akapiga, pafu likatoka safi.

Sasa swali kwa Fundi: yule wa kwanza hakuziona nywele? Ni kubwa hizo, zilinichukua saa sita kusuka.

#17 Fundi_Vivuli, saa 3:44 asubuhi
Hilo ni kosa letu sisi wa chumba cha picha, sitamtupia daktari. Rasta nene ikilala juu ya pafu hutoa mistari na mawingu pale pale TB inapopenda kukaa. Nywele juu, mkufu utoke, sidiria yenye chuma itoke, simu mfukoni itoke. Foleni ikiwa ndefu mtu huruka hatua. Tena aliyesoma hakuona nywele, aliona kivuli tu.

#18 Bi_Mkubwa_Kisauni, saa 4:02 asubuhi
Assalaam aleikum wanangu. Niko Mombasa lakini nasoma. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, ila naona hapa ni kinyume: mwenye macho asipoambiwa atazame nini, haoni. Yule daktari wa mtaani aliandika nini kwenye fomu?

Tena, Fundi, usiitwe mpiga picha. Mpiga picha ni wa harusi.

#19 Kijana_Donholm, saa 4:15 asubuhi
Bi Mkubwa, nimeitoa fomu kwenye bahasha. Imeandikwa "kikohozi". Basi. Hata miaka yake imeandikwa kwenye sanduku la jinsia.

#20 Rejista_wa_Usiku, saa 4:20 asubuhi
Bi Mkubwa amegonga ndipo. "Kikohozi" cha wiki ngapi? Anavuta sigara? Amepungua uzito? Aliwahi kuugua TB? Ana picha za zamani? Mtu wa miaka 67 mwenye kidoa na sigara si sawa na mtu wa miaka 67 mwenye kidoa na homa ya jana. Nadhani wa kwanza alisoma gizani, wa pili akapiga simu akauliza. Hiyo ndiyo tofauti.

#21 Fundi_Vivuli, saa 4:31 asubuhi
Mimi sikubaliani. Kidoa kiko pale uambiwe usiambiwe. Nadhani ni skrini. Usiku husoma kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisi, asubuhi konsaltanti ana skrini maalum ya kusomea. Ukingo unaofifia hauonekani kwenye skrini ya kuandikia barua.

#22 Mwalimu_Fizikia, saa 5:05 asubuhi
Naongeza la tatu: binadamu. Kuna daktari wa Marekani, Garland, mwaka 1949 alionyesha kwamba wasomaji wazoefu wa picha za kifua walikosa kama asilimia 30 ya zilizokuwa na ugonjwa. Hata msomaji yule yule akipewa picha zile zile mara ya pili, alijipinga mwenyewe karibu mara moja kwa tano. Na 2013 watafiti waliweka picha ya sokwe kwenye CT za mapafu, madaktari 24 wa picha wakaambiwa watafute vidoa. 20 hawakumwona sokwe. Alikuwa mkubwa mara 48 kuliko kidoa cha kawaida!

#23 Mkongwe_Eastlands, saa 5:09 asubuhi
Hawakumwona sokwe lakini chuchu ya mzee wa Donholm wameiona. Nipewe nini mimi.

#24 Arusha_Mjini, saa 6:00 mchana
Wakuu poleni. Si mngeachia kompyuta isome? Shirika la Afya Duniani lilikubali hizo programu za kusoma eksirei tangu 2021.

#25 Rejista_wa_Usiku, saa 6:18 mchana
Mkuu, zilikubaliwa kwa kuchuja TB, kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Programu inatoa alama tu: picha hii inafanana na TB kiasi fulani. Kisha mtu hupimwa makohozi. Haikuahidi kutambua chuchu wala rasta za Mama_Syokimau. Pengine zingeipa alama ya juu sana.

#26 Dada_Kasarani, saa 7:40 mchana
Nauliza nje ya mada kidogo. Nilienda kupimwa matiti kwa ultrasaundi, daktari kijana akaniomba nisaini karatasi kwamba picha zangu zitatumika kwenye utafiti wake. Nikauliza nikikataa je, akasema hakuna shida. Lakini mtu wa dirishani akaniambia nikikataa nitangoja sana. Nikasaini. Je, nimekuwa panya wa maabara?

#27 Rejista_wa_Usiku, saa 8:02 mchana
Dada, huyo kijana alisema kweli, wa dirishani alikosea. Kila anayesomea uzamili lazima afanye utafiti na aandike tasnifu. Haruhusiwi kugusa picha moja kabla kamati ya maadili haijapitisha. Kwa sisi wa Nairobi ni ile ya pamoja ya hospitali ya Kenyatta (KNH) na chuo kikuu, na huwa inarudisha mapendekezo hadi unalia. Jina lako hutolewa, inabaki namba. Unaweza kukataa na utibiwe vile vile. Hata baada ya kusaini unaweza kujitoa.

#28 Ruaka_Mjanja, saa 8:10 mchana
Vile vile kwenye karatasi. Dirishani ni nchi nyingine.

#29 Mama_Syokimau, saa 8:25 mchana
Hapo nakuunga mkono Ruaka, leo peke yake. Ila jueni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na una haki ya kuomba zako. Nilidai picha zangu zote mbili kwenye CD. Nilipewa, ila ilibidi nirudi mara mbili.

#30 Arusha_Mjini, saa 9:12 alasiri
Kijana, si afanyiwe PET, ile picha ya dawa ya mionzi ya kutafuta saratani, ubishi uishe? Nairobi mnayo.

#31 Mwalimu_Fizikia, saa 9:40 alasiri
Tunayo, Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Dawa yake ya mionzi hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 110, ndiyo maana mtambo wa kuitengeneza huwekwa karibu na mashine. Ingesafirishwa kwa Thika Road saa 11 jioni, ungefika na chupa ya maji.

Lakini PET kwa chuchu? Hebu tupime. Picha ya kifua ni mionzi kama ya wiki mbili za kawaida za kuishi duniani. CT ya kifua ni kama miaka mitatu. PET huja na CT yake juu. Anzeni na pete ya shilingi mbili.

#32 Nesi_Mstaafu, saa 11:30 jioni
Kijana, mzee hana picha ya zamani? Angalia nyuma ya kabati. Wazee wote huweka filamu nyuma ya kabati au chini ya godoro.

#33 Kijana_Donholm, saa 2:50 usiku
Mama wewe ni mganga. Chini ya godoro, ndani ya kalenda ya 2017, kuna filamu ya kifua ya mwaka huo alipolazwa. Nimeiinua kwenye balbu. Sioni kidoa. Sasa nina hofu upya.

#34 Fundi_Vivuli, saa 3:01 usiku
Tulia. Alilazwa? Basi huenda alipigwa akiwa kitandani, mashine ikiwa mbele yake, mgongo kwenye ubao. Picha ya kitandani na ya kusimama si za kulinganisha chuchu kwa chuchu. Balbu ya nyumbani nayo haioni kitu. Ibebe tu, mpe konsaltanti.

#35 Rejista_wa_Usiku, saa 3:15 usiku
Kuibeba sawa, ila kama kweli 2017 hakikuwepo, mimi singelala. Kidoa kikikaa bila kukua miaka miwili ndipo tunatulia. Kipya ni kipya.

#36 Bi_Mkubwa_Kisauni, saa 3:22 usiku
Wanangu, mmezungumza chuchu mchana kutwa. Mzee bado anakohoa?

#37 Kijana_Donholm, saa 3:26 usiku
Bado Bi Mkubwa. Wiki ya tano.

#38 Bi_Mkubwa_Kisauni, saa 3:28 usiku
Na makohozi mmepeleka?

#39 Kijana_Donholm, saa 3:35 usiku
Hapana. Hakuna aliyetuambia. Hata sisi hatukuuliza, tulishikwa na CT.

#40 Nesi_Mstaafu, saa 3:37 usiku
Kesho asubuhi, kabla ya chai. Akohoe kutoka kifuani, si mate. Kikopo kifungwe. Usiandike tena hapa kabla hujapeleka.

#41 Kijana_Donholm, Ijumaa saa 1:20 usiku
Nimerudi, msinikaripie. Makohozi yalipelekwa jana, majibu bado.

Picha ya pete imepigwa leo. Nimeruhusiwa kuiona kwenye skrini. Pete ya kushoto imekaa peke yake, haina kitu ndani. Pete ya kulia ina kidoa ndani yake, si katikati kabisa, kimeegemea upande mmoja kama kiini cha yai lililokaangwa vibaya. Konsaltanti anasema chuchu, arudi miezi mitatu apigwe tena. Rejista aliyekuwa pembeni alinyamaza, lakini nje kwenye korido akaniambia, "Ningekuwa mimi ni baba yangu, ningefanya CT." Filamu ya 2017 wameitazama, mmoja akasema haisaidii, mwingine akasema anaona kitu.

Kwa hiyo nina ripoti mbili tena.

#42 Ruaka_Mjanja, saa 1:33 usiku
CT. Nilisema tangu #3.

#43 Fundi_Vivuli, saa 1:36 usiku
Ulisema ni biashara.

#44 Rejista_wa_Usiku, saa 1:50 usiku
Kwa kweli hapo sijui ningefanya nini. Aliwahi kuvuta?

#45 Kijana_Donholm, saa 1:58 usiku
Kiko, zamani, kijijini. Aliacha mimi nikizaliwa, anasema. Mama anasema aliacha mimi nikiingia sekondari. Tutangoja makohozi kwanza, halafu tuamue.

#46 Mkongwe_Eastlands, saa 2:04 usiku
Na mzee mwenyewe asemaje?

#47 Kijana_Donholm, saa 2:11 usiku
Anakula. Plasta na pete amekataa kuvitoa. Anasema watampiga tena hawa, afadhali wamkute tayari.

#48 Fundi_Vivuli, saa 2:13 usiku
Kama ni kwetu mlikopigiwa, tafadhali zirudishe hizo pete. Tunazo mbili tu.